Lugha ya ugenini na mtoto mkalimani

Nawasalimu ninyi mlioketi kando ya redio mkisubiri uji upoe, na ninyi mlio ndani ya daladala ambao mnanisikiliza kwa sababu dereva ndiye mwenye redio. Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari za pamba na mizani. Naomba radhi, pamba itasubiri. Liko jambo la kifamilia ambalo nimekaa nalo muda mrefu, na mwenye nalo, yaani mdogo wangu wa kike, amenipa ruhusa nilizungumze hewani kwa sharti moja tu, kwamba nisimtaje jina. Nimekubali. Na la mumewe sitalitaja, wala la mwanawe.

Kwetu ni Bugwema. Kwa msikilizaji asiyepajua, Bugwema ni kata iliyo wilaya ya Musoma, mkoani Mara, nchi ya Wajita, ingawa siku hizi utawakuta humo Wasukuma, Wajaluo na wengine wengi waliofuata ardhi. Tunalo bonde ambalo tangu miaka ya 1970 tunaambiwa litamwagiliwa maji ya ziwa. Hilo nalo lina siku yake. Mama yetu anaishi Masinono hadi leo, na lugha ya nyumbani kwake ni Kijita. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini akitaka kusema jambo la moyoni hukiacha mlangoni kama viatu.

Mimi mwenyewe nilipoanza darasa la kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, sikuwa na maneno ishirini ya Kiswahili. Nilijua "shikamoo mwalimu", na nilijua "naomba kwenda nje", hili la pili nikiwa nimefundishwa na kaka zangu kwa sababu za dharura. Aliyekamatwa akisema Kijita alivishwa kibao shingoni, na kibao kilihama shingo hadi shingo mpaka saa ya kwenda nyumbani, ambapo wa mwisho kukivaa alichapwa. Basi muhula wangu wa kwanza wote nilikaa kimya. Nyumbani nilikuwa msemaji hata mama akanifukuza jikoni. Shuleni nilikuwa bubu. Mwalimu alimwambia baba kwamba mtoto huyu ni mzito wa akili. Sikuwa mzito. Nilikuwa ugenini, kilomita tatu kutoka nyumbani.

Hata Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo jirani, alipopelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, alikwenda na Kizanaki chake. Kiswahili na Kiingereza alivikuta huko. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kutafsiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963 hali yeye ni Rais wa nchi. Wengi hupenda kuisimulia habari hiyo kuonesha kwamba lugha ni akili. Mimi naiona vingine. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na miwili, na alipewa miaka. Mdogo wangu alipewa miezi mitatu.

Ilikuwa hivi. Shemeji yangu alipata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari wa falsafa katika mji wa Leipzig, Ujerumani, akaondoka mwaka 2015. Masomo yake yalikuwa kwa Kiingereza, maabara yake kwa Kiingereza, na wenzake wametoka pande zote za dunia. Akawa anaandika kwamba huku hakuna taabu, Kiingereza kinatosha. Baada ya mwaka mmoja na nusu ikaamuliwa kwamba mke na watoto wamfuate. Sasa, sheria ya Ujerumani tangu mwaka 2007 inamtaka mke au mume anayemfuata mwenzake kule aoneshe, isipokuwa kwa makundi fulani, kwamba anajua Kijerumani cha mwanzo kabisa, kabla hajapewa viza. Wanakiita ngazi ya A1, iliyo ya chini kabisa katika ngazi sita. Mdogo wangu akawaacha watoto kwa mama, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akalala kwa binamu yetu Mbagala, na kila asubuhi akawa anagombania daladala kwenda darasani. Mtihani wa kwanza ulimshinda. Wa pili alifaulu. Alinipigia simu kwa furaha, akanisomea Kijerumani chake chote: naitwa fulani, ninatoka Tanzania, nina watoto wawili, mkate ni bei gani?

Nilimpongeza kwa moyo wote, na tulichinja kuku. Leo nikikumbuka sentensi zile nne nasema kwamba tulimtuma vitani na kijiti.

Walifika Leipzig mwaka 2017, mwezi wa Novemba, ambao sikushauri mtu auchague. Jua linazama saa kumi na kidogo alasiri. Mtoto wa kiume alikuwa na miaka saba, na wa kike miwili. Mwanzoni simu zake zilikuwa za vichekesho. Takataka zinatengwa: karatasi pipa la bluu, vifungashio pipa la njano, mabaki ya chakula pipa la kahawia, na yaliyobaki pipa jeusi, yeye siku ya kwanza alibeba ukoko wa ugali akasimama mbele ya mapipa kama mtu aliyeitwa barazani kujitetea. Jumapili maduka yote yamefungwa. Chupa tupu ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti ishirini na tano za yuro, na mwanawe akageuka mwokota chupa kiasi kwamba baba yake aliona aibu. Nami nilicheka, maana nilimjua mjomba wangu huyo. Bugwema aliuza hata vyuma chakavu.

Kisha hesabu. Mjerumani akitaka kusema ishirini na tano, husema tano na ishirini. Mdogo wangu aliambiwa ofisini aende chumba namba ishirini na tano, akaandika kama alivyosikia, tano kwanza kisha mbili, akakaa saa nzima mbele ya mlango namba hamsini na mbili akisubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe ofisi ilifungwa. Huo, wasikilizaji, ndio uwongo wa kwanza wa ugenini, na mtu hausemi kwa ubaya. Anaona haya kukiri kwamba ameshindwa kuhesabu.

Shemeji yangu ni mtu mwema na simsemi vibaya. Lakini alifanya kosa ambalo wanaume wengi wenye kazi nzuri hulifanya. Alimwambia mkewe, "Usihangaike, mimi nitakutafsiria." Akawa anatafsiri barua, bili, maelezo ya dawa. Kijerumani chake mwenyewe kilikuwa cha kuungaunga, lakini alijua kuuliza kazini. Akiwapo, mambo yanakwenda. Asipokuwapo, mkewe hana mdomo. Aliacha kwenda sokoni, akawa anakwenda duka kubwa ambamo unaokota na kulipa bila kusema neno. Aliniambia ziko siku saba zilipita asiseme na mtu mzima yeyote isipokuwa mumewe, usiku. Huyu ni mtu ambaye kisimani Masinono alikuwa akichelewa kurudi hata ndoo ikapata moto.

Na mtoto? Mtoto alikwenda shule. Miezi mitatu kimya, kama mjomba wake zamani, ila hakuna aliyemvisha kibao. Mwezi wa nne akaanza kusema. Mwezi wa nane akawa anaota kwa Kijerumani, mama yake akimsikia usiku akitamka maneno asiyoyajua. Hapo ndipo, pole pole na bila mtu kukaa kikao kuamua, yule mtoto wa miaka minane akawa mdomo wa nyumba. Kengele ikilia, yeye ndiye anayefungua na kusema. Simu ikiita, anapewa yeye. Kwenye duka la dawa anasimama mbele, mama yuko nyuma yake ameshika mkoba. Mwalimu akitaka kumwona mzazi, mtoto ndiye anayemtafsiria mama yake malalamiko juu ya mtoto, na mnaweza kukisia tafsiri yake ilivyokuwa tamu. Tulicheka sana kwa hilo. Mama, kule Masinono, alipoambiwa kwamba mjukuu wake anasema na wazungu kwa niaba ya wakubwa, alijigamba kanisani.

Sasa nafika mahali ambapo ni pazito.

Mwaka 2018, majira ya kupukutika majani, mdogo wangu alikuwa mja mzito, mwezi wa tano. Siku moja aliona mtoto hachezi. Siku ya pili vile vile. Mumewe alikuwa amesafiri kikazi mji mwingine. Akamvisha binti yake koti, akamsubiri mwanawe atoke shule, wakaenda wote watatu kwa daktari. Daktari, mama wa makamo, alimpima kwa ile mashine yenye picha. Akapima tena. Kisha akaanza kusema. Alijaribu Kiingereza, lakini Kiingereza cha mdogo wangu ni kile cha kidato cha nne cha shule ya kata, mnakijua. Alichokishika ni "sorry", na "sorry" kwetu tunamwambia hata mtu aliyejikwaa. Akaonesha kwa ishara kwamba hajaelewa. Daktari alikwenda nje kutafuta mtu, akarudi peke yake. Hapana wa kumlaumu, nani angepata mkalimani wa Kiswahili alasiri ile? Basi akapiga magoti mbele ya yule mtoto wa kiume, akamsemesha kwa sauti ya chini.

Mtoto akatazama sakafu. Mama yake akamwuliza, "Anasema nini?" Mtoto akanyamaza. Akaulizwa tena. Ndipo akasema, "Mama, daktari anasema mtoto amelala. Kesho uende hospitali na Baba."

Mdogo wangu alitabasamu. Akamshika daktari mkono kwa mikono miwili, kama tunavyofanya nyumbani, akamwambia asante kwa Kijerumani. Daktari akaanza kulia. Mdogo wangu aliona ajabu, akadhani huenda mwenzake ana matatizo yake. Alipewa barua, akaisoma tarehe na saa, akaiweka ndani ya mkoba. Njiani aliwanunulia watoto mikate mitamu. Aliujua ukweli saa tatu usiku, mumewe alipopiga simu akamwomba amsomee ile barua herufi moja moja.

Yale maneno ya daktari, msikilizaji, yule mtoto aliyajua yote. Moyo. Hapigi. Tena. Ni maneno ya darasa la pili. Baadaye sana alimwambia baba yake kwamba aliyaelewa, ila hakuona mahali pa kuyawekea kwa Kiswahili. Alitafsiri kile alichoweza kukibeba.

Baada ya hapo mtoto huyo akawa anaumwa tumbo kila alipoambiwa amsindikize mama yake mahali. Walidhani ni minyoo. Walidhani anaonewa shuleni. Mwalimu wake ndiye aliyemwita baba na kumwambia, huyu mtoto anaogopa kufasiri.

Nilipoisikia habari hii nilikumbuka jambo ambalo lilinipita zamani. Mwaka 2004, ndiyo kwanza nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilitumwa kutengeneza kipindi pale Makoko. Wakazi wa Musoma mnapajua, kando ya ziwa, kuna shule ya lugha iliyoanzishwa na Wamaryknoll, wale wamisionari Wakatoliki kutoka Marekani waliofika Musoma mwaka 1946. Tangu miaka ya 1960 wageni wamekuwa wakikaa pale kujifunza Kiswahili, kwa kawaida miezi kama minne, kabla hawajashika kazi yoyote. Mtu aweza kuwa ni padri, au mganga, au mwalimu mwenye shahada mbili, anakaa chini anafundishwa "huyu ni nani, hiki ni nini".

Niliikuta pale familia moja, baba, mama na watoto wawili. Yule mama alikuwa akitoka alasiri anakwenda kwa akina mama wanaoanika dagaa, anajaribu maneno yake ya asubuhi. Siku niliyokuwapo alitaka kusema kwamba anaomba maji ya kunywa, akaisahau herufi moja ya hilo neno la mwisho. Sitalirudia hewani. Akina mama walicheka hadi wakaketi chini. Yeye akasimama mwekundu kama nyanya, nikadhani atalia. Kisha mmoja wao, akijifuta machozi, akamsogelea, akamwonesha midomo inavyokaa, akamsemesha mara tano mpaka ikatoka sawa, na akampa maji. Tangu hapo wakawa wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, kama mama yeyote pale ufukweni.

Wale watoto wake walikuwa wameshawapita wazazi. Walisema Kiswahili cha Makoko hasa, na matusi yake. Nikamwambia baba yao kwa mzaha, mna bahati, mna wakalimani wa bure. Akanijibu, kwa Kiswahili cha kusitasita, kwamba nyumbani kwao ni marufuku. Watoto wanaruhusiwa kuwacheka, lakini si kuwasemea. Mzazi akikwama sokoni, na akwame. Nilidhani huo ni ukali wa kizungu tu, wala sikuuweka katika kipindi.

Najua kuna msikilizaji atakayesema, mtangazaji, usitusifie wazungu; hao walilipiwa miezi minne ya kukaa na kujifunza, walikuwa na nyumba na jokofu, nani atamlipia mtu wa Bugwema? Ni kweli kabisa. Hata hivyo haikuwa mteremko kwao. Wapo waliomaliza Makoko wakapangiwa vijijini, wakakuta vikongwe wanasema Kijita au Kikurya, ikabidi waanze upya. Lakini hoja ina uzito wake: wageni wanaokuja kwetu hutangulizwa kwa lugha, na sisi tunaokwenda kwao hutangulizwa kwa tiketi. Tunauza ng'ombe kwa ajili ya nauli, tunashona suti, tunafanya maombi ya kuaga, na kuhusu lugha tunaambiana "utaikuta huko huko".

Nirudi Leipzig. Mdogo wangu baada ya msiba ule alikaa kimya majira yote ya baridi. Aliyemtoa ndani ni yule yule aliyekuwa akimwogopa, bibi mmoja mjane wa ghorofa ya chini, ambaye aliwahi kumgongea mlango kwa habari ya ukoko ndani ya pipa la njano. Siku moja bibi huyo alimkuta ngazini amekaa analia, akamwingiza kwake, akampa chai. Hawakuwa na lugha. Bibi akawa anashika kitu, anakitaja, anasubiri. Kijiko. Dirisha. Sukari. Kila Jumanne na kila Ijumaa. Bibi huyo alikulia Ujerumani ya Mashariki, ambako Kirusi kilikuwa lazima shuleni, kwa hiyo alijua ladha ya lugha ya kulazimishwa. Alimwambia mdogo wangu kwamba Kirusi alisoma miaka minane na kilichobaki ni mashairi mawili na jina la samaki.

Mwaka 2019 shemeji yangu alipata kazi ya kudumu, na mdogo wangu akaingia katika kozi ambayo serikali yao iliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya wahamiaji. Ni vipindi mia sita vya lugha, kila kipindi dakika arobaini na tano, kisha vipindi mia moja vya sheria, historia na desturi za nchi. Shabaha ni ngazi ya B1, yaani mtu aweze kujisemea katika mambo ya kila siku. Darasani walikuwamo Wasiria, Waafghani, Waeritrea na mama mmoja wa Vietnam aliyekuwa ameishi Ujerumani miaka thelathini akishona nguo. Mdogo wangu alinilalamikia kwamba kila nomino ya Kijerumani ina jinsia, ama dume, ama jike, ama si hili wala lile, na mwezi ni dume na jua ni jike. Nikamwambia, wewe binti wa Kijita una ngeli za Kijita na za Kiswahili kichwani, zaidi ya kumi kila upande, utashindwa na tatu? Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya mwaka.

Aliniambia pia jambo lililonifurahisha. Mwalimu wake, aliposikia anasema Kiswahili, alimweleza kwamba lugha hiyo inafundishwa katika Chuo Kikuu cha mji huo huo. Hii si habari mpya kwa Wajerumani. Mswahili wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, na habari zake nyingi zimo katika kile kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten. Alioa Mjerumani, na alifia Berlin mwaka 1927. Kwa hiyo kuna wakati Mjerumani alikaa chini akasahihishwa na mtu wa Bagamoyo. Mdogo wangu alisema habari hiyo ilimsaidia kuliko vipindi kumi vya sarufi.

Machi 2020 ukaja ugonjwa wa korona, madarasa yakafungwa. Watoto wako nyumbani, mume anafanyia kazi mezani pa kulia chakula, na bibi wa chini haruhusiwi kutembelewa. Mdogo wangu akawa anakaa ngazini, bibi naye anafungua mlango nusu, wanasemezana kwa umbali, mmoja anasema na mwingine anasahihisha, sauti zikapanda jengo zima. Majirani waliokuwa hawajawahi kumsalimu wakaanza kufungua milango na kuongeza neno. Masomo yaliporudi alimalizia kwa kompyuta, na mtihani aliufanya mwaka 2021. Alipata.

Alipokwenda tena kwa daktari, yule yule, kwa jambo dogo tu la shinikizo la damu, mwanawe alichukua koti lake amfuate, kwa mazoea. Mama yake akamwambia, "Wewe baki ucheze." Mtoto akauliza, "Na nani atasema?" Akamjibu, "Nitasema mimi." Kule kwa daktari alikosea sana, aliniambia, na neno la shinikizo alilisahau kabisa, akaeleza kwa mikono. Lakini alirudi na majibu yake mwenyewe.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 walikuja nyumbani, wote wanne. Niliwapokea Musoma, tukaenda hadi Masinono kwa gari la kukodi, barabara ikiwa na matope ya mvua za mwaka ule. Kijana sasa ana miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mimi. Kiswahili chake bado kipo, ingawa kina kona kona, na anaanza sentensi mahali ambapo sisi tunamalizia. Kijita hana. Alipopiga goti kumwamkia bibi yake, mama alimshika kichwa akaanza kumsemesha kwa Kijita, maneno mengi mfululizo, na kijana akawa anatikisa kichwa kwa adabu, akitabasamu. Nililijua tabasamu lile. Ni la mtu aliyekaa mbele ya mlango namba hamsini na mbili.

Jioni, tumemaliza ugali wa muhogo na sato, tumekaa uani. Mama alimgeukia mdogo wangu akamwuliza kwa Kijita, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeuliza habari za mvua, yule mtoto mliyempoteza kule mlimzika wapi, na je, mlimpa jina? Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Sisi tunaojua lugha tuliinamisha vichwa.

Kijana akatutazama mmoja mmoja, akajua kuna neno limepita. Akamwuliza mama yake, "Bibi anasema nini?"

Nilidhani atamwambia Bibi anauliza kama umeshiba. Mimi ningesema hivyo. Mdogo wangu alinyamaza kidogo, akavuta kigoda karibu na mwanawe, akamtafsiria neno kwa neno.